Tarehe ya Filamu za Kitamil: Neno Lililokalia Kiti

Hii ni tarehe ya filamu za Kitamil, tangu zilipokuwa bubu ndani ya hema la turubai hadi zilipotoa watawala wa jimbo zima. Naiandika kwa kuwa sisi Waswahili tumezitazama miaka mingi bila kuziita kwa jina lake. Neno letu "Kihindi" limebeba mizigo miwili: mambo yote ya nchi ya India, na lugha moja tu katika lugha zake nyingi. Basi kila picha yenye sari na nyimbo tukaiita ya Kihindi, yakaisha. Mwigizaji wao Rajinikanth hutufikia katika vibanda vya video akiwa ameshatiwa sauti ya Kihindi, na juu ya sauti hiyo mfasiri wetu huweka Kiswahili chake. Kitamil alichokitamka mwenyewe mbele ya kamera kimelala chini ya sauti mbili za watu wengine, na katika filamu hizi hicho ndicho kiini.

Kitamil huzungumzwa na watu wapatao milioni 80. Wengi wako kusini kabisa mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu. Wengine ni wenyeji wa Sri Lanka, na wengine ni wajukuu wa vibarua waliochukuliwa zama za Waingereza kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Malaya na kwingineko. Fasihi yake ina umri wa miaka 2000 na ushei. Mji wake wa filamu ni Chennai, ulioitwa Madras hadi mwaka 1996, na mtaa wa studio katika mji huo ni Kodambakkam.

Hema na mfasiri

Mwaka 1905 alikuwako mchora ramani wa shirika la reli huko Tiruchirappalli, jina lake Samikannu Vincent. Akapita Mfaransa mmoja aitwaye Du Pont, aliyekuwa akizunguka na mashine ya kuonyeshea picha. Vincent akainunua mashine pamoja na mikanda yake, akaacha kazi ya reli, akaanza kuzunguka mji kwa mji na hema lake. Mwaka 1914 akafungua jumba la sinema katika mji wa Coimbatore, akaliita Variety Hall.

Picha zile zilikuwa za Wazungu. Wa kwanza kupiga filamu ya hadithi kusini mwa India alikuwa R. Nataraja Mudaliar, mfanyabiashara wa magari na vipuri huko Madras. Alikwenda Pune kujifunza kushika kamera kwa mpiga picha Mwingereza, akarudi, akajenga studio ndogo, na mnamo 1917 au 1918 akatoa Keechaka Vadham, kisa kilichotolewa katika Mahabharata, utendi wa kale wa India. Alipiga filamu nyingine kadhaa, kisha mwanawe akafariki kwa moto, na mwaka 1923 Mudaliar akaifunga studio. Mkanda wa Keechaka Vadham haupo tena duniani.

Filamu hizo za mwanzo zilikuwa za Watamil kwa sura, kwa kuwa picha bubu haina lugha. Lakini hata wakati huo watu hawakukubali kukaa gizani bila neno. Mahemani alisimama mtu kando ya pazia akawaeleza watazamaji nani ni nani, nini kimetokea na nini kinakuja. Kazi hiyo wasomaji wangu wanaijua vizuri: ndiyo ya DJ wetu anayetufasiria filamu kibandani.

Sauti yafika kwa gari moshi

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri, kwa kuwa mitambo ilikuwa huko. Miaka mitatu baadaye Watamil nao wakaifuata mitambo Bombay. Ardeshir Irani, aliyetoa Alam Ara, filamu ya kwanza ya sauti nchini India, alimpa H. M. Reddy kazi ya kuongoza filamu kwa ajili ya watu wa kusini. Jina lake Kalidas, na ilianza kuonyeshwa Madras tarehe 31 Oktoba 1931.

Mikanda ilipofika kwa gari moshi, watu walikusanyika barabarani. Wakaitupia maua, wakaifukizia ubani, wakaipasulia nazi, kama inavyofanywa kwa sanamu ya mungu inapotembezwa mtaani. Ndani ya filamu lugha zilichanganyika: mwigizaji wa kike, T. P. Rajalakshmi, alisema Kitamil, na mwanamume akamjibu kwa Kitelugu. Watu hawakujali. Walikuwa wamesikia lugha yao ikitoka paziani, na hilo likawatosha. Rajalakshmi hakuishia hapo. Mwaka 1936 akaandika na kuongoza filamu yake mwenyewe, Miss Kamala.

Miaka michache ya mwanzo, waigizaji walipakiwa treni kwenda kupigwa picha Bombay, Pune na Calcutta. Mwaka 1934 A. Narayanan akafungua studio ya kwanza ya sauti Madras. Fundi wa kurekodi sauti alikuwa mkewe, Meenakshi.

Zama za waimbaji

Filamu za miaka ya 1930 zilikuwa mchezo wa jukwaani uliowekewa kamera. Waigizaji walitoka katika vikundi vya tamthilia vilivyolea wavulana tangu utotoni, wakafunzwa kuimba, kukariri na kupigana kwa upanga wa mbao. Filamu ya Pavalakkodi ya 1934 ilikuwa na nyimbo 50 hivi. Ndani yake alitokea M. K. Thyagaraja Bhagavathar, mwimbaji mwenye nywele za kufika mabegani, na kwa miaka kumi hakuwa na mpinzani. K. B. Sundarambal naye, katika Nandanar ya 1935, alilipwa rupia 100,000 ili aigize nafasi ya mwanamume, mcha Mungu wa tabaka lililodharauliwa.

Katika zama hizo likatokea jambo dogo ambalo mimi nalihesabu kuwa mlango wa yote yaliyofuata. Mwaka 1937 ilitoka Ambikapathy. Mwongozaji wake alikuwa Ellis R. Dungan, Mmarekani asiyejua Kitamil, na mazungumzo aliyaandika Elangovan. Kabla yake, waigizaji walisema maneno ya kupitisha muda tu kati ya wimbo na wimbo. Elangovan aliyaandika kwa Kitamil cha fasihi, chenye mizani na picha za kishairi, na watazamaji wakaanza kuisikiliza filamu kwa ajili ya maneno. Tangu hapo jina la mwandishi wa mazungumzo likawa na thamani kwenye bango.

Bhagavathar alifika kilele mwaka 1944 kwa filamu ya Haridas. Ilianza sikukuu ya Deepavali katika jumba la Broadway, Madras, ikaendelea hapo hapo mpaka zikapita Deepavali tatu. Mwaka huo huo akakamatwa pamoja na mchekeshaji N. S. Krishnan kwa tuhuma za mauaji ya mwandishi wa gazeti la uzushi. Kesi ikafika hadi Baraza la Rufaa la mfalme huko London, wakaachiwa huru mwaka 1947. Aliporudi, masikio ya watu yalikuwa yamehamia kwingine. Alikufa mwaka 1959, utajiri wake ukiwa umekwisha.

Wenye studio

Baada ya waimbaji wakaja matajiri wa kujenga. T. R. Sundaram alijenga Modern Theatres katika mji wa Salem, akawafanya watu waje kazini kwa saa kama kiwandani, na filamu zake zikapita 100. S. S. Vasan, mwenye gazeti la Ananda Vikatan, alinunua studio Madras, akaiita Gemini. Alichukua takriban miaka mitano kuipiga Chandralekha, akatumia rupia zipatazo milioni 3, akaitoa mwaka 1948 kwa Kitamil na kwa Kihindi pia. Wacheza ngoma mamia walicheza juu ya ngoma kubwa, na ndani ya ngoma hizo wamejificha askari wenye panga. India yote ikajua kwamba Madras kuna watu. A. V. Meiyappan naye alihamisha kampuni yake ya AVM kutoka Karaikudi hadi Kodambakkam mwaka 1948, na mtaa ule ukapata mhimili.

Waandishi washika usukani

Hapa ndipo tarehe hii inapokuwa na uzito wake.

Madras kulikuwa na harakati dhidi ya ubaguzi wa matabaka na dhidi ya Kihindi kufanywa lugha ya wote. Kiongozi wake mkubwa, E. V. Ramasamy, aliyeitwa Periyar, aliichukia sinema. Mwanafunzi wake C. N. Annadurai aliiona kwa jicho jingine. Annadurai alikuwa mhutubu wa kutisha: sentensi zake zilifuatana kwa vina kama beti, na watu walikesha uwanjani kumsikiliza. Mwaka 1949 aliandika filamu ya Velaikari, hadithi ya mtumishi wa kike katika nyumba ya tajiri dhalimu, na mwaka huo huo akaanzisha chama cha DMK. Filamu na chama vikazaliwa pamoja.

Nyuma yake alikuwako kijana M. Karunanidhi, aliyekwisha kuandikia Modern Theatres. Tarehe 17 Oktoba 1952, siku ya Deepavali, ikatoka Parasakthi, iliyotengenezwa AVM na kuongozwa na Krishnan na Panju, mazungumzo yakiwa ya Karunanidhi. Kisa chake ni cha kijana anayerejea kutoka Burma wakati wa vita, akaibiwa Madras siku anayoshuka, huku dada yake mjane akisukumwa na njaa kutoka mlango hadi mlango, mpaka kuhani anamvamia ndani ya hekalu. Mwisho wao ni mahakamani, na hapo kijana anasimama kujitetea kwa hotuba ndefu inayowashtaki matajiri, makuhani na serikali.

Aliyeigiza kijana huyo alikuwa mgeni, V. C. Ganesan. Jina la Sivaji alipewa na Periyar baada ya kuigiza mfalme Shivaji katika tamthilia ya Annadurai. Mwenye studio alimwona mwembamba mno, akataka abadilishwe, mtayarishaji P. A. Perumal akakataa. Filamu ilipotoka wapo waliotaka ipigwe marufuku. Watu waliihifadhi hotuba ya mahakamani neno kwa neno. Mazungumzo yakauzwa kwenye santuri, na kwa miaka mingi kijana aliyetaka kuigiza alipimwa kwa hotuba hiyo. Mwaka 1960 Sivaji Ganesan huyo huyo alitunzwa Cairo kuwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu za Afrika na Asia, kwa kuigiza Veerapandiya Kattabomman, chifu aliyenyongwa kwa kukataa kuwalipa kodi Waingereza.

Ni kweli filamu hizi zilikuwa nzito kwa maneno. Kamera ilisimama na mtu akazungumza. Asiyejua Kitamil huona ukumbi na mtu anayenyoosha mkono. Lakini Mswahili aliyewahi kukaa barazani akasikia utendi ukisomwa hawezi kuwashangaa watu waliolipa kiingilio ili wasikie lugha yao ikisemwa vizuri kuliko wanavyoisema wao.

Kiti cha uwaziri kiongozi

M. G. Ramachandran, maarufu MGR, alizaliwa Kandy, Sri Lanka, mwaka 1917, akalelewa katika kikundi cha tamthilia baada ya baba yake kufa na umaskini kuingia nyumbani. Alionekana katika filamu mara ya kwanza mwaka 1936, akangoja zaidi ya miaka kumi kupata nafasi kubwa. Sivaji aliigiza kila aina ya mtu, mwema na mwovu. MGR aliigiza mtu mmoja tu, mtetezi wa wanyonge. Alikuwa mvuvi, mkulima, mvuta riksho. Paziani hakuvuta sigara wala hakunywa pombe, na alimheshimu mama yake kuliko kitu chochote. Vilabu vya wapenzi wake vikaenea kila mji, na vilabu hivyo vikawa matawi ya DMK.

Tarehe 12 Januari 1967, wiki chache kabla ya uchaguzi, mwigizaji mwenzake M. R. Radha alimpiga risasi ya shingoni nyumbani kwa MGR. Picha ya MGR kitandani mwenye bendeji ikabandikwa jimbo zima. DMK ikashinda, na chama cha Congress hakijatawala tena jimbo hilo. Risasi ilimharibia sauti, matamshi yakawa mazito. Hakukubali mtu mwingine amsemee katika filamu zake, na watu hawakumwacha.

Na hii ndiyo orodha ya watu wa filamu waliokalia kiti cha uwaziri kiongozi. Wa kwanza ni Annadurai, mwandishi, tangu 1967 hadi kifo chake mwaka 1969. Mwaka huo ndipo jimbo lilipoacha jina la Madras likaitwa Tamil Nadu, nchi ya Watamil. Wa pili ni Karunanidhi, mwandishi, aliyeshika mara tano. Wa tatu ni MGR, mwigizaji, aliyefukuzwa DMK mwaka 1972, akaunda chama chake, akashinda chaguzi za 1977, 1980 na 1984. Ule wa 1984 alishinda akiwa amelazwa hospitalini New York, na mkanda wake akiwa kitandani ukaonyeshwa vijijini ili watu waone kwamba yu hai. Alifariki tarehe 24 Desemba 1987. Wa nne ni mjane wake Janaki, mwigizaji, siku 24 mwaka 1988. Wa tano ni Jayalalithaa, mwigizaji aliyecheza na MGR filamu 28, aliyeingia mara ya kwanza mwaka 1991 na kufia madarakani mwaka 2016. Kwa karibu miaka 50, ukiondoa vipindi vya mpito na vile ambavyo Delhi ilitawala moja kwa moja, kiti hicho hakikutoka Kodambakkam.

Sisemi yote yalikuwa heri. MGR alipanua mpango wa chakula cha mchana mashuleni mwaka 1982, na watoto wengi walishiba kwa ajili yake. Lakini mwanazuoni M. S. S. Pandian aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1992, akionyesha kwamba mtetezi wa wanyonge wa paziani hakuwa huyo huyo ofisini, na kwamba maskini ndio waliobeba kodi huku wakimwimba. Filamu ikiweza kumfungua mtu macho, inaweza pia kumfumba, na Watamil wameyaona yote mawili.

Kamera yatoka mjini

Mwaka 1977, ule ule MGR alioacha studio akaingia ofisini, mwongozaji Bharathiraja alitoa 16 Vayathinile. Akaiacha Kodambakkam na kuta zake za mbao, akapeleka kamera kijijini, chini ya jua la kweli. Kamal Haasan, kijana mzuri wa sura, alivaa kitambaa cha kiunoni na kuchechemea. Rajinikanth, aliyewahi kuwa kondakta wa basi Bangalore, akawa mhuni wa kijiji. Katikati yao alikuwa Sridevi. Walizungumza Kitamil cha watu wa mashambani. Kwa mara nyingine neno liliipindua sinema, safari hii neno la nyumbani. Ni kama mtu wetu aache Kiswahili cha taarifa ya habari, aandike filamu nzima kwa Kimakunduchi au Kiamu kama wanavyosema wazee, na nchi nzima ijae ukumbini.

Muziki wake ulitungwa na Ilaiyaraaja, mzaliwa wa kijiji cha Pannaipuram, aliyezunguka vijijini na kikundi cha nduguze wakiimba katika mikutano ya Wakomunisti. Alianza na Annakili mwaka 1976. Aliweka ngoma za mashambani pamoja na vinanda vya Kizungu, na filamu alizozitungia zimepita 1,000.

Ukimya na umeme

Mwongozaji Mani Ratnam alipokuja, alifanya jambo ambalo wazee wa Parasakthi wasingelidhania: watu wake walisema maneno machache. Katika Nayakan ya 1987, kisa cha mkimbizi wa Kitamil anayekuwa mkubwa wa mtaa wa Dharavi mjini Bombay, Kamal Haasan huzeeka mbele ya macho yetu katika vyumba vya nusu giza. Gazeti la Time liliiweka mwaka 2005 katika orodha yake ya filamu 100 bora. Mwaka 1992 Mani Ratnam akampa filamu ya Roja kijana wa miaka 25, A. R. Rahman, aliyefiwa na baba yake, naye mtunzi, akiwa na miaka tisa. Nyimbo hizo zilipotiwa maneno ya Kihindi, India nzima ikaziimba; mwaka 2009 Rahman akapata tuzo mbili za Oscar kwa Slumdog Millionaire. Rajinikanth naye, kwa filamu ya Muthu, alijaza ukumbi Tokyo mwaka 1998 kwa miezi kadhaa.

Waliongoja zamu

Katika miaka yote hiyo, Wadalit, watu waliowekwa nje ya matabaka wakakatazwa visima na mahekalu, walitajwa paziani kama watu wa kuhurumiwa. Tangu 2012 wamesema wenyewe. Mwongozaji Pa. Ranjith alianza na Attakathi, kisha akamvika Rajinikanth suti katika Kabali mwaka 2016, akiwa mkubwa wa Watamil wa Malaysia waliotokana na wale vibarua wa mashamba. Mwaka 2018 Ranjith akatayarisha Pariyerum Perumal ya Mari Selvaraj, kisa cha mwanafunzi wa sheria anayepigwa na kudhalilishwa kwa kuzaliwa kwake. Mwishoni huonekana bilauri mbili za chai, na kati yao ua moja. Nimeitazama mara tatu na kila mara mwisho huo hunifunga mdomo. Mwaka 2021 P. S. Vinothraj, aliyekuwa kibarua tangu utotoni, alishinda tuzo kuu ya Rotterdam kwa Koozhangal, filamu ya baba na mwana wanaotembea katika nchi ya ukame, karibu bila maneno.

Yaliyobaki

Gemini imebomolewa na hoteli imesimama mahali pake. Modern Theatres ya Salem imebaki tao la lango. Kalidas imepotea kabisa. Hakuna atakayemsikia tena Rajalakshmi akisema lile neno la kwanza. Na Februari 2024 mwigizaji Vijay, mwenye wapenzi wasiohesabika, alianzisha chama cha siasa, akifuata njia ya MGR.

Sisi tuna lugha ya mamilioni kutoka Lamu hadi Lubumbashi, tuna washairi wenye vina na mizani kila mji wa pwani, na filamu zetu nyingi hupigwa mazungumzo yakiwa hayajaandikwa, mwigizaji akiambiwa aseme lolote. Watamil walimtafuta Elangovan mwaka 1937, wakamlipa, wakaweka jina lake kwenye bango. Yaliyofuata mmeyasoma. Basi namwomba kila anayetaka kupiga filamu ya Kiswahili: kabla hujakodi kamera, mtafute mwandishi anayeijua lugha hii, mpe muda wa kuandika, na jina lake uliweke juu pamoja na la mwigizaji.